Kukaa Kihambani: Mwongozo Kamili wa Kuujua Utamaduni, Chakula na Kazi za Mikono za Wachaga wa Kilimanjaro

Watu wengi wanaofika Kilimanjaro hupita katikati ya vijiji vya Wachaga macho yao yakiwa juu kwenye Kibo, na vijiji vyenyewe hubaki kuwa njia ya kufikia lango la hifadhi. Wengine huchukua ziara ya saa chache, wakaonyeshwa maporomoko, wakapewa kikombe cha kahawa, wakaonja mbege, yaani pombe ya ndizi na ulezi, na kurudi Moshi mjini kabla jua halijazama. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka zaidi ya hapo. Ushauri wangu mkuu ni kwamba uchague familia moja, ukae kwenye kihamba chao kwa siku tatu au nne, na ufuate kazi za nyumba hiyo kwa mpangilio wake wenyewe. Chakula, pombe, kahawa na sehemu kubwa ya kazi za mikono za Mchaga hutoka katika shamba moja linaloizunguka nyumba, na anayevitazama kimoja kimoja katika vituo vya watalii hawezi kuona jinsi vinavyotegemeana.

Hatua ya kwanza: Kielewe kihamba kabla hujafika

Kihamba ni ardhi ya ukoo yenye nyumba, shamba, zizi na mara nyingi makaburi ya waliotangulia. Kwa desturi hurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa wana, na mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Ndiyo maana Mchaga anayeishi Dar es Salaam au Mwanza kwa miaka mingi bado husema kwamba kwao ni kihambani, na ndiyo maana kuuza kihamba kwa mtu wa nje ya ukoo ni jambo zito linaloweza kuigawa familia.

Ukiingia utaona mimea imepangana kwa ngazi. Juu kabisa kuna miti mikubwa inayotoa kivuli, kuni na mbao. Chini yake ipo migomba ya aina nyingi. Chini ya migomba imesimama mibuni. Na ardhini yanaota magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungiwa zizini wakaletewa majani na vipande vya migomba, kisha samadi yao hurudishwa shambani. Mfumo huu ndio uliolifanya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kukitambua kijiji cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa eneo la urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo ni vyema uyajue mapema. La kwanza ni mifongo, yaani mifereji ya asili inayochukua maji kutoka kwenye mito ya mlimani na kuyapeleka kihamba hadi kihamba kwa zamu. Kila mfongo una wenyewe na una taratibu zake, kwa hiyo usinawie wala usifue humo kabla hujauliza. La pili ni isale, mmea wenye majani marefu membamba utakaouona kwenye mipaka ya vihamba. Mmea huu ni alama ya mpaka, lakini pia hutumika kuombea radhi, kwani aliyekosa akimpelekea jani lake aliyekosewa, ni vigumu sana kwa huyo kukataa kusamehe. Usiuchume kwa ajili ya mapambo.

Hatua ya pili: Chagua eneo na majira

Uchaga si sehemu moja. Kuanzia magharibi kuna Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, Mamba na Mwika, kisha Rombo inayozunguka upande wa mashariki. Zamani kila sehemu ilitawaliwa na mangi, yaani chifu, wake, na mpaka leo lugha hutofautiana kiasi kwamba Mmachame na Mrombo hulazimika mara nyingi kuelewana kwa Kiswahili. Kwa anayekuja mara ya kwanza ningependekeza Marangu, ambako wenyeji wamezoea kupokea wageni na usafiri ni rahisi, huku Mamba yenye wahunzi ikiwa jirani. Materuni, katika Uru, panamfaa mwenye siku moja tu ambaye anataka kahawa na maporomoko. Rombo panamfaa anayejua Kiswahili vizuri na asiyehitaji kuongozwa kila hatua, kwa kuwa watalii wanaofika huko ni wachache na maisha yanaendelea bila kuangalia kama kuna mgeni.

Kuhusu majira, epuka Machi hadi Mei, wakati wa masika, kwa sababu njia za udongo mwekundu huteleza mno na kahawa haianikiki. Julai hadi Oktoba ni kipindi kizuri: buni zinaiva, mvua ni chache, ingawa Julai na Agosti ukungu hushuka na usiku huwa na baridi kali kwa mtu aliyezoea pwani. Vijiji vya Marangu viko takriban mita 1,300 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sweta na blanketi si anasa.

Desemba ni jambo la peke yake. Wachaga walio mijini hurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya, na katika wiki hizo hufanyika harusi, ubarikio, vikao vya ukoo na uchinjaji wa mbuzi. Hakuna wakati ambapo utamaduni huu unaonekana ukiwa hai zaidi ya huo. Hata hivyo mabasi hujaa, nauli huleta usumbufu, na nyumba nyingi huwa na watoto na wajukuu wa kutosha kuzijaza. Ukialikwa na rafiki, nenda bila kusita; kama hukualikwa, chagua mwezi mwingine.

Hatua ya tatu: Mpate mwenyeji na mkubaliane mapema

Njia bora ni kupitia mtu unayemfahamu, kwa kuwa karibu kila ofisi nchini Tanzania ina Mchaga ambaye wazazi wake wako mlimani. Kama huna, nenda kwenye vikundi vya utalii wa utamaduni vya kijijini au uongee na wenye nyumba za kulala wageni za Marangu wakuunganishe na familia. Mkishapatana, mwenyeji akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji ili ujulikane. Utaratibu huu humlinda mgeni na mwenyeji pia.

Zungumzeni bei waziwazi kabla hujalala usiku wa kwanza. Ulizeni kila kitu kwa jina lake: malazi, chakula, kazi ya kukuongoza, kahawa utakayobeba na gharama ya kupika mbege. Watu wengi huona haya kutaja fedha mbele ya mzee, kisha siku ya kuondoka kila upande unabaki na manung'uniko. Mzee wa Kichaga hashangazwi na mazungumzo ya bei, kwa maana biashara ameikuta na ataiacha. Kinachomkera ni ahadi isiyotimizwa.

Hatua ya nne: Safari, fedha na mizigo

Kutoka stendi ya Moshi panda gari la Marangu Mtoni, ambalo hupita Himo kisha likaanza kupanda mlima. Anayetoka Mombasa au Voi anaweza kuvukia Taveta na Holili, akatokea Himo bila kufika Moshi mjini. Kutembelea vijiji hakuhitaji kibali cha hifadhi. Ada za hifadhi zinamhusu anayepita lango, wakati maporomoko kama Kinukamori yana kiingilio chake kidogo.

Beba shilingi za Tanzania katika noti ndogo ndogo. Mawakala wa fedha za simu wapo kila kituo cha sokoni, ila ukipanda juu zaidi wanapungua. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo badilisha fedha zako mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Njoo na kikapu. Viatu viwe vya kukamata ardhi. Zawadi inayopokelewa vizuri ni sukari, majani ya chai, sabuni, au kanga kwa mama wa nyumba. Usigawe fedha wala pipi kwa watoto njiani, kwa sababu jambo hilo limeshawafundisha wengine kuacha michezo na kuwafuata wageni.

Hatua ya tano: Siku ya kwanza, salimia na ukae

Siku ya kwanza usipange kazi yoyote. Wasalimie wazee kwa shikamoo, mmoja mmoja, kwa kuanzia na mkubwa, kisha jifunze salamu ya Kichaga ya eneo hilo kutoka kwa mwenyeji wako, pamoja na aika, ambayo ni shukrani inayoeleweka sehemu nyingi za mlima. Mama wa nyumba mwite kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, wazee waite babu na bibi. Utaulizwa unatoka wapi, wazazi wako wapo, una watoto wangapi na kwenu wanalima nini. Jibu kwa utulivu, kwa kuwa hapo ndipo unapopewa nafasi yako katika nyumba. Picha zisubiri mpaka umezoeleka, na za makaburini au za mgonjwa usiziombe kabisa.

Hatua ya sita: Fanya kazi ya kahawa mwanzo hadi mwisho

Kahawa aina ya arabika ililetwa mlimani na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga waliifanya yao haraka kiasi kwamba kufikia 1933 walikuwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichouza kahawa ya wakulima wadogo. Shule nyingi na nyumba nyingi za mlimani zilijengwa kwa fedha za zao hili, na ukimpata babu aliyepeleka magunia kwenye chama cha msingi enzi hizo, mpe muda wa kusimulia.

Chuma buni nyekundu tu, moja moja, kwa kuzizungusha kidogo ili kikonyo kibaki kwenye tawi. Ukivuta kwa nguvu unang'oa na chipukizi la msimu ujao. Siku hiyohiyo buni humenywa kwa mashine ya mkono inayotenganisha ganda jekundu na punje zinazoteleza kwa utomvu mtamu. Punje hulazwa zichachuke kwa siku moja au mbili, zikaoshwa hadi ziache kuteleza, kisha zikaanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa mara kwa mara kwa muda wa wiki moja au zaidi. Kwa kuwa hutaweza kusubiri hadi zikauke, mwombe mwenyeji kahawa ya maganda ya msimu huo iliyokwisha kukauka ili uendelee nayo: kuitwanga kwenye kinu, kuipepeta kwa ungo, kuikaanga kwenye chungu au sufuria huku ukikoroga bila kuacha, kuitwanga tena na kuichemsha. Mkono unaochoka ndio unaoshawishi kuacha kukoroga, na punje chache zikiungua kahawa yote inakuwa chungu.

Hatua ya saba: Ingia jikoni

Ndizi ndio moyo wa chakula cha hapa, na kosa la kawaida la mgeni ni kudhani ndizi zote ni sawa. Mshare ni ndizi ya kupika. Nyingine ni za kuchoma, za kula mbivu na za pombe. Mwombe mama akuonyeshe migomba yake kwa majina kabla ya kukata mkungu.

Mtori ndio wa kuanza nao. Paka mafuta mikononi ili utomvu usikugande, menya mshare, zioshe na uzipike pamoja na kitunguu hadi zilainike kabisa, wakati nyama ya mifupa inachemka katika sufuria nyingine mpaka itoke kwenye mfupa yenyewe. Ndizi hupondwa kwa mwiko sufuriani, supu ikaongezwa kidogo kidogo hadi uwe uji mzito usio na mabonge, kisha nyama hurudishwa pamoja na siagi au maziwa. Hiki ndicho chakula anachopewa mama aliyejifungua, ambaye kwa desturi hulishwa na kupumzishwa kwa takriban miezi mitatu.

Kiburu ni kigumu zaidi kwa ulimi usiokizoea. Maharage huchemshwa mpaka yapasuke, ndizi mbichi zikawekwa juu pamoja na magadi, na vyote vikaivishwa taratibu na kusongwa. Onja kidogo kwanza, kwa sababu magadi huacha uchungu fulani mwishoni ambao wenyeji huupenda sana. Machalari, yaani ndizi na nyama zisizopondwa, na ng'ande ya mahindi na maharage ni vyepesi kuzoeleka.

Mbuzi akichinjwa, kaa karibu na uangalie mgawo kuliko uchomaji. Kila sehemu ya nyama ina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo, na mwenye kisu lazima ajue nani apewe nini. Kumpa mzee kipande kisicho chake ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Kwenye tukio hilo utakutana na kisusio, supu ya mbuzi iliyopikwa pamoja na damu yake. Ikiwa dini au nafsi yako hairuhusu, sema mapema na kwa upole, naye mwenyeji atakutengea supu ya kawaida. Muislamu aeleze suala la kuchinja wakati wa kupanga safari, wala asisubiri mpaka siku yenyewe.

Hatua ya nane: Mbege, kazi inayohitaji wiki nzima

Hapa ndipo ziara fupi zinapoharibu mambo, kwani mgeni huonyeshwa kata, yaani kibuyu cha kunywea, iliyojaa bila kujua kilichotangulia. Mbege huchukua karibu wiki. Mwandikie mwenyeji kabla ya safari aanze kuivisha ndizi, ili ufike siku ya kuchanganya, na umwombe akuonyeshe hatua za mwanzo kwa mpiko mwingine.

Ndizi mbivu sana humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi katika chombo kikubwa juu ya moto wa kuni. Simama karibu: rangi huanza njano iliyofifia, ikaenda hudhurungi, kisha ikawa wekundu mzito, na harufu yake inageuka kutoka ya tunda kuwa ya sukari iliyoungua. Mchanganyiko huo hupozwa, ukafunikwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha ukatiwa maji na kuchujwa.

Kando yake kuna ulezi. Punje huloweshwa, zikaachwa zichipue, zikaanikwa na kusagwa kuwa kimea, kisha unga wake ukapikwa uji. Uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Uchungu unaotakiwa hutoka kwenye magome ya mti wa msesewe, yanayowekwa kwa kipimo ambacho kila mpishi anakijua kwa mazoea yake. Yakizidi hakuna atakayemaliza kata. Asubuhi inayofuata pombe iko tayari, na inapaswa kunywewa mapema kwa sababu huendelea kuchachuka na kuwa kali.

Mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni kuonyesha kwamba ni salama, kisha kata huenda kwa wazee. Pokea kwa mikono miwili, kunywa ukiwa umekaa na urudishe kata kwa aliyekupa. Ulezi utauhisi mdomoni, nayo ladha ni tamu, chachu na chungu kwa pamoja. Asiyekunywa pombe aseme tu. Ataletewa togwa au chai. Gongo usiiguse, kwa kuwa ni haramu kisheria na imewahi kuua.

Hatua ya tisa: Wahunzi wa Mamba na kazi nyingine za mikono

Wahunzi wa Mamba ni ukoo wa kazi, maana ujuzi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Zamani walipata chuma kutoka Ugweno, katika milima ya Pare ya kaskazini, ambako kiliyeyushwa. Leo wanatumia vyuma chakavu, hasa springi za magari. Kaa chini kando ya kijana anayepuliza mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Ana mifuko miwili, mkono huu unapanda huku ule ukishuka, ili upepo usikatike na makaa yasipoteze wekundu. Mhunzi hutoa chuma kwa koleo, akakigonga mara chache tu kabla hakijapoa, akakirudisha. Kisu kimoja hurudi motoni mara nyingi sana kabla hakijapata makali. Watakuuzia visu, kengele za ng'ombe na mikuki. Mimi ningenunua kisu au kengele, kwa maana hivyo bado vinatumika vihambani, na mhunzi huvitengeneza kwa uangalifu wa mtu anayejua mteja wake ni jirani. Ukisafiri kwa ndege, weka kisu kwenye begi la kupakiwa.

Zaidi ya chuma utaona kata na vibuyu, mizinga ya magogo na vikapu. Usipunguze bei mpaka fundi aonekane ameumia. Uliza kwanza kazi ilichukua siku ngapi.

Hatua ya kumi: Historia iliyo karibu

Tenga nusu siku. Katika makumbusho ya Marangu kuna nyumba ya msonge, iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Pia ziko njia za chini ya ardhi zilizochimbwa kujificha wakati wa vita na uvamizi wa mifugo. Ingia na mwenyeji na tochi, na asiyeweza kuvumilia sehemu finyu abaki nje. Kama una nafasi, fika Old Moshi, kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa hapo, pamoja na viongozi wengine tarehe 2 Machi 1900. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi ili kizikwe nyumbani. Zungumza kwa staha ukiwa hapo, kwa sababu wazee wanaokuonyesha mti huo wanauzungumzia msiba wa familia.

Hatua ya mwisho: Kuaga

Usiku kabla ya kuondoka maliza malipo mkononi kwa mwenyeji, pamoja na ya waliokusaidia, na kila mmoja apewe mwenyewe. Asubuhi aga kwa kuanzia na wazee. Karibu hakika utafungiwa ndizi, parachichi au kahawa ya kubeba; usikatae na usijaribu kulipia, kwa maana hiyo haikuwa sehemu ya bei. Ukifika salama piga simu siku hiyohiyo, na picha ulizopiga zitume kwa simu ya kijana wa nyumba, au uchapishe mbili tatu na kuzipeleka kwa basi la Moshi, kwa kuwa bibi atapenda zaidi ile anayoweza kuitundika ukutani.